Viti Elfu Hamsini na Sahani Niliyoikataa

Tangu nirudi, stoo yangu hapa Busia imekuwa kama kituo cha redio. Mtu anaingia, anashika kiti kimoja cha plastiki, anakigeuzageuza kama mtu anayetaka kukodi, kisha anauliza: "Mzee Wandera, ati huko Roma uligoma kula?" Mwingine amesikia nilikamatwa. Mwingine amesikia nilionyeshwa simba. Nimechoka kurudia. Nimechukua daftari, naandika mara moja tu, na asiyejua kusoma amwombe mtoto wake amsomee.

Mimi mwenyewe niliishia darasa la tatu. Herufi ikikaa vibaya, iacheni ikae. Nilianza na viti kumi na viwili na turubai moja, na leo hakuna mazishi ya maana kutoka Dabani mpaka Tororo ambayo watu hawajakalia viti vyangu chini ya tenti zangu. Mtu kama huyo haombi radhi kwa mwandiko.

Habari za pasipoti, viza na tiketi siandiki. Hizo ni foleni, na foleni nyinyi mnazijua, mnaishi mpakani.

Kiyeyi, kwa shemeji yangu

Binti yangu Nabwire anatunza wazee huko Roma, huu mwaka wa sita. Akapata kijana wa hukohuko, jina lake Matteo, dereva wa basi la mjini. Akanipigia simu. "Baba, njoo uwaone wazazi wake. Ukisema ndiyo, tunafunga ndoa. Ukisema hapana..." Hakumaliza. Namjua Nabwire. Asipomaliza maneno, ujue anashika machozi. Kwa hiyo tangu siku ile nilijua mzigo ninaoubeba: ndoa ya mtoto wangu iko mdomoni mwangu, kwa neno moja.

Mama yake hakuweza kuja. Kwetu mama wa binti hali chakula cha wakwe mpaka wao kwanza waje kwake, wakae, wale, wapokewe. Hiyo haikuandikwa mahali, lakini jaribu kuivunja uone. Basi nikawa nakwenda peke yangu, kwa ajili yangu na kwa ajili yake.

Kabla ya kuondoka ilinipasa nipite Kiyeyi, huko Tororo, kwa Owori, kaka yake mke wangu. Mke wangu ni Mjapadhola, na kwa watu wake mjomba wa binti ana neno lake. Nilimkuta anaanika mihogo, shati begani, na wala hakuacha kazi.

"Shemeji, unakwenda huko kama nani?"

"Kama baba yake."

"Na upande wa mama yake nani anakwenda?"

"Mimi huyohuyo."

"Basi unakwenda na miiko yake pia. Usile kwao. Hata maji, beba yako. Ukila kabla hawajaja hapa, umemtoa msichana kama kuku aliyeokotwa njiani."

"Siku kumi, Owori?"

"Si wewe unayetuambia kila msiba kwamba ulianza biashara ukila mara moja kwa siku? Haya, anza tena."

Akacheka mpaka mihogo ikamwangukia miguuni. Mimi sikucheka. Kabla sijatoka Tororo nilikuwa tayari na njaa.

Nagongera mpaka Entebbe

Aliyeniendesha ni Ouma, mkuu wa vijana wangu wa kufunga tenti, kwa pikapu yetu ya kazi. Nyuma tulikuwa na sanduku langu, na gunia dogo alilofunga mke wangu: karanga za kukaanga, simsim iliyosagwa, mihogo mikavu, na samaki mkavu ambaye Ouma alisema atanuka mpaka rubani ageuze ndege.

Nagongera ilikuwa siku ya soko. Mbuzi, majembe, mitumba, bodaboda zimejaa njia yote. Nami nilikuwa nimevaa koti jeusi na tai, kwa hiyo watu wakajua mara moja mimi ni nani.

"Mheshimiwa!" mama mmoja muuza nyanya akaniita. "Nyinyi mnatokea tu mkitaka kura! Shuka basi utuambie daraja letu litajengwa lini!"

"Mama, mimi ni mtu wa viti."

"Ndiyo, kiti! Si ndicho unachotaka!"

Soko zima likaangua kicheko. Ouma, mjinga yule, akatoa mkono dirishani akaanza kuwapungia. Ilituchukua saa nzima kutoka pale, na nyanya nilinunua.

Mbele kidogo ya Iganga lori la saruji lilikuwa limelala katikati ya lami kama ng'ombe aliyeshiba. Tulingoja mpaka jua likageuka. Tulipofika pale wanapouza kuku wa vijiti, wale wauzaji waliovaa makoti ya rangi wakazingira gari, nikala mapaja matatu na ndizi za kuchoma. Ouma akanitazama.

"Mzee, unakula kama mtu anayekwenda jela."

"Endesha gari," nikamwambia.

Addis Ababa

Tulishuka Addis tubadilishe ndege, na ndege ya pili ikachelewa. Wakasema saa mbili. Zikawa saba. Nilikaa karibu na mama mmoja wa Bukavu, mfanyabiashara wa vitenge, Kiswahili chake cha Kongo kinapanda na kushuka kama wimbo. Aliniita papa tangu salamu ya kwanza. Alipojua nakwenda Italia kwa wakwe akapiga makofi.

"Papa, wale watu wanapenda kulisha! Usipokula wanafikiri uko mgonjwa. Ukila kidogo wanafikiri una hasira."

"Na usipokula kabisa?"

Akanitazama vizuri. "Kwa nini usile kabisa?"

Mambo ya wakwe huyasemi kwa kila mtu. Badala yake tulikula wote ile mikate yao mipana yenye uchachu, tukichovya kwenye sahani moja, mimi na mama nisiyemjua hata jina. Kwa mgeni wa njiani naruhusiwa kula. Kwa watu watakaochukua damu yangu, siruhusiwi. Nilitafuna nikifikiri jambo hilo, na kusema kweli sikulimaliza.

Roma, ghorofa ya nne

Matteo alinipokea kwa kunibusu mashavu yote mawili mbele ya watu. Nikasimama kama nguzo ya tenti. Kijana mrefu, mwembamba, anatabasamu hata akiegesha gari. Wazazi wake wanakaa ghorofa ya nne, hakuna lifti, ni ngazi tupu, na sanduku langu alilibeba yeye.

Baba yake, Sandro, ni fundi wa mawe aliyestaafu, mikono kama jembe. Niliipenda mikono ile. Mama yake, Lucia, ni mfupi, mnene kidogo, sauti inasikika mpaka barabarani. Na meza! Wandugu, mimi nimepanga meza kuu za maaskofu, sijaona meza vile. Kulikuwa na nyama, tambi za aina mbili, mboga zimelala kwenye mafuta, mikate bado inatoa mvuke. Tumbo langu likalia kwa sauti. Nabwire, anayetafsiri, akasikia.

"Baba, karibu ule."

"Mwambie asante, nimeshiba."

Lucia akacheka, akafikiri ni uchovu. Jioni nikasema nimeshiba. Asubuhi nikasema nimeshiba. Siku ya pili alileta wali mweupe bila kitu. Siku ya tatu alileta supu kama ya mzazi aliyetoka hospitali, pamoja na kile kijiti cha kupimia homa, akataka kunitia kinywani. Kila mara natikisa kichwa, nakwenda chumbani, nafunga mlango, nakula karanga zangu polepole kama panya.

Sasa mtauliza, kwa nini sikueleza? Hapo ndipo penyewe. Kwetu mkwe haelezi. Mkwe akikuona huli kwake, anajua la kufanya: anapanga siku ya kuja kwako. Ukianza kumwambia "sili kwa sababu hujaja kwetu", ni kama umemshika shati na kumdai. Aibu hiyo siwezi. Nilikuwa nangoja waelewe. Kila nikikataa sahani najisemea, leo wataelewa. Na Nabwire alijua mwiko huo ni wa mama peke yake. Hakujua mjomba wake ameniongezea mimi.

Siku ya nne Lucia alifagia chini ya kitanda changu, akakuta maganda ya karanga na miiba ya samaki. Akavimwaga kwenye pipa mbele ya wote. Na mimi, karanga zimekwisha, nikafanya kosa kubwa zaidi. Niliteremka zile ngazi, nikaenda dukani pale kona, nikaonyesha kwa kidole, nikapewa kipande cha mkate uliopakwa nyanya na jibini, nikala nimesimama barabarani. Jirani mmoja akaniona dirishani. Kabla sijamaliza kutafuna, Lucia alikuwa ameshapata habari.

Sikuelewa maneno aliyoyasema nilipopanda juu, lakini aproni niliiona ikiruka. Sandro akawasha televisheni bila sauti, akaitazama. Nabwire akanivuta chumbani.

"Baba, kama hutaki, sema hutaki! Usiwadharau mara tatu kwa siku! Matteo ameniuliza kama ni kwa sababu yeye ni dereva wa basi."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema kitu chochote! Umekaa tu unakataa! Mimi nitawaambia nini?"

"Wewe ngoja."

"Nimengoja siku nne. Keshokutwa Mama Matteo anakwenda kwa kasisi kumwambia aache kutushughulikia."

Akatoka. Wandugu, nilikaa kwenye kile kitanda, na kwa mara ya kwanza katika safari ile niliogopa. Neno langu nilikuwa bado sijalisema, na tayari lilikuwa linasikika hapana.

Koloseo

Asubuhi ya tano Sandro akasema twende tukaone Koloseo. Nafikiri alitaka tu watu watoke kwenye hewa ya nyumba ile. Matteo alikuwa kazini. Tukaenda sisi wanne: Sandro mbele, mimi na Nabwire, na Lucia nyuma na mfuko wake wa kitambaa begani, hasemi na mtu.

Wengi wenu mmeona picha. Picha haisemi kitu. Mimi nilisimama chini ya lile jumba la mawe, matao juu ya matao juu ya matao, nikafanya kile ninachofanya kila siku ya kazi yangu: nikaanza kuhesabu watu wanaingia wapi.

"Watu wangapi?" nikauliza.

"Elfu hamsini, wengine wanasema zaidi," Sandro akajibu, na Nabwire akatafsiri.

Elfu hamsini wameketi! Mimi watu elfu mbili wakihudhuria mazishi silali wiki nzima. Sandro akanionyesha juu ya tao moja namba imechongwa kwenye jiwe, miaka karibu elfu mbili, bado inasomeka. Kila tao na namba yake, na kila mtu alikuja na kipande chenye namba ya mlango wake, ngazi yake, na safu yake. Waliweza kutoka wote kabla uji haujapoa. Nikamwambia Nabwire, "Na mimi nafanya kadi za rangi, watu wa Dabani wanaingilia popote."

Sandro alikuwa ametengeneza mawe ya pale miaka mingi, kwa hiyo hakuwa anasoma kitabuni. Alisema mfalme mmoja alikuwa amechimba ziwa mahali pale, ziwa la nyumba yake mwenyewe. Akafa vibaya. Mfalme aliyekuja baadaye akalikausha, akajenga uwanja wa watu wote, kwa mali ya vita na mikono ya mateka. Kuingia ilikuwa bure.

"Bure? Alikuwa anagombea nini?"

Nabwire akacheka kabla ya kutafsiri. Cheko lake la kwanza kwa siku tatu.

"Hakuwa anagombea," Sandro akasema. "Alikuwa ameshakaa. Alitaka tu wasimchoke."

"Basi ni walewale."

Ukuta umejaa matundu kama umepigwa risasi. Nikauliza. Kumbe mawe yalikuwa yameshikwa kwa vyuma ndani, na Roma ilipoanguka watu wakaja kuchimbua vyuma wakauze. Hapo nilijisikia nyumbani kabisa. Vigingi vyangu vya tenti vinaibwa kila Jumamosi na kuuzwa vyuma chakavu upande wa pili wa mpaka. Na upande mmoja wa jumba ulibomolewa na tetemeko, mawe yakabebwa kujengea majumba na makanisa. Hata kuna wakati watu walihamia humo ndani wakaishi, wakapanda mboga.

Kisha nikauliza swali langu. "Na jua? Jua la huku linachoma. Watu elfu hamsini waliketi vipi mchana kutwa?"

Sandro akasimama. Nabwire aliniambia baadaye kwamba alisema, "Nimetembeza ndugu zangu wote hapa, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo." Akanionyesha juu kabisa, mawe yaliyochomoza yenye matundu. Pale zilisimama nguzo. Kutoka kwenye nguzo kamba, na juu ya kamba kitambaa cha kuwafunika watu. Na waliokuwa wanavuta kamba zile ni mabaharia wa jeshi, kwa sababu wao ndio wanaojua upepo.

Nilivua kofia yangu. Nasema kweli, niliivua. Tenti kubwa kuliko zote duniani, na mtu aliyeifunga alijua jambo ambalo mimi nimejifunza kwa hasara. Nikamsimulia Sandro ile harusi ya Dabani, upepo wa ziwa ulipoinyanyua tenti ya maharusi na kwenda kuivalisha choo cha kanisa, na Ouma bado ananing'inia kwenye kamba akipiga kelele, "Mzee, niachie au nishike?" Sandro akacheka mpaka akashika ukuta. Lucia alikuwa amenipa mgongo, lakini bega lake niliona limecheka.

Tukapanda. Sandro akaeleza walivyoketi: mfalme na wakubwa chini, karibu, kwenye mawe meupe, matajiri wa pili nyuma yao, watu wa kawaida juu yao, na juu kabisa, kwenye mbao, maskini na wanawake.

Lucia akasema kwa mara ya kwanza siku ile. Nabwire akatafsiri: "Anasema, kwa hiyo yeye angepanda ngazi zote hizi."

"Mwambie kwetu angekaa tenti ya pili, karibu na masufuria, mahali pazuri kuliko pa askofu."

Akageuka. Akanitazama.

Sakafu ya katikati sehemu kubwa haipo, kwa hiyo unaona chini: njia na kuta nyembamba zinazopindana, kama kichuguu kilichokatwa kwa jembe. Huko gizani walifungiwa wanyama na watu. Kulikuwa na masanduku ya kupandishwa kwa kamba, yanavutwa na watumwa, mlango unafunguka na chui anatokea mchangani kana kwamba ardhi imemzaa. Asubuhi ilikuwa wanyama: simba, chui, tembo waliovushwa kutoka Afrika yetu hii, upande wa kaskazini. Mchana waliuawa waliohukumiwa. Alasiri ndio wale wapiganaji wa panga, wengi wao watumwa na mateka, wengine walijitolea wenyewe kwa kutafuta jina. Hawakufa kila mara kama tunavyosikia, mpiganaji mzuri ni ghali kumfundisha. Lakini aliyeshindwa alitazama juu, na watu wakapiga kelele, aishi au afe, na mwenye sherehe akaamua.

"Na watu walikuwa wanakula?" nikauliza.

"Wakati wa wale waliohukumiwa wengi walitoka kwenda kula. Wengine walibaki, wakala palepale."

Njaa ya siku tano ilinipanda kichwani. "Mwambie hivi, Nabwire. Mwambie, na sisi ndio mlituita washenzi."

"Baba..."

"Mwambie."

Akamwambia. Sandro akatikisa kichwa. "Ni kweli," akasema. Basi. Hakubisha. Ni vigumu kupigana na mtu aliyekubali.

Na palepale ikanijia Busia. Miaka mingi imepita, Nabwire bado mtoto mdogo. Kijana mmoja alishikwa sokoni na baiskeli ya wizi, watu wakaanza kumpiga. Viti vyangu vilikuwa nje ya stoo. Watu wakavichukua, wakapanda juu yake, wapate kuona vizuri. Nami nikatoka mbio nikipiga kelele kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa napigia kelele viti. "Shukeni! Mtavunja viti vyangu!" Kwa ajili ya yule kijana sikutoa sauti hata moja. Viti vyote vilipona.

Sijui kwa nini nilimwambia Sandro. Mke wangu mwenyewe hajui nilisimama pale. Wengine wenu mlikuwepo, mnajua nasema kweli. Nabwire alitafsiri polepole, sauti yake imeshuka, na alipomaliza hakuniangalia.

Sandro akasema, "Nimefanya kazi humu miaka mingi. Mkate wangu wa mchana sikuwahi kuula humu ndani. Nilikuwa natoka, napanda kule." Akaonyesha kilima kilicho ng'ambo ya barabara, kijani kitupu. "Twende."

Bustani ya juu

Ilikuwa bustani ya kawaida, watoto wanacheza mpira, wazee kwenye mabenchi, na Koloseo lote liko chini yako kama bakuli lililovunjika ukingo. Lucia akafungua mfuko. Mkate mkubwa uliotiwa mayai yaliyokaangwa na mboga. Akampa Sandro. Akampa Nabwire. Akala yeye. Mimi hakunipa, wala hakunitazama. Alikuwa ameacha kunikaribisha.

Harufu ile, wandugu, sitaiandika.

"Nabwire. Muulize mzee, bustani hii ni ya nani?"

"Ya watu wote, Baba. Ya mji."

"Si ya ukoo wao? Hawana shamba hapa, kaburi, kitu chochote?"

"Baba, jua limekupiga?"

"Uliza nikuambiavyo."

Akauliza. Sandro akamjibu taratibu, kama mtu anayejibu mgonjwa: hapana, si yao, ni ya kila mtu anayekuja.

"Basi mwambie mama anipe mkate."

Lucia hakuhitaji tafsiri. Niliuchukua kwa mikono miwili, nikala. Nikaomba kipande cha pili. Wote watatu wakanitazama bila kutafuna. Nilipofika cha tatu Nabwire akaruka kutoka kwenye benchi.

"Eeh! Ni mwiko wa Mama! Nani amekupa mwiko wa Mama?"

"Mjomba wako."

"Mjomba Owori! Nitamfinya huyo mzee!" Akawageukia akaanza kueleza, mikono inapaa, mara anacheka, mara anafuta macho. Lucia alisikiliza mpaka mwisho. Akajipiga paji la uso, kisha akanipiga mimi mkononi, na mkono wake ni mzito.

"Anasema, siku tano! Ulitaka kufia nyumbani kwake?"

"Nilikuwa nangoja mwelewe."

"Anasema, tungeelewaje?"

Maisha yangu yote sijawahi kuulizwa swali hilo. Kwetu kila mtu anajua.

Lucia akaendelea kusema, sasa kwa sauti ndogo, akionyesha chini kule yanakopita mabasi. Nabwire akatafsiri na macho yake yamejaa. "Anasema si wewe peke yako uliyekuwa na njaa. Matteo siku hizi zote anaondoka na kahawa tupu, jioni anakula kipande kidogo jikoni amesimama. Amemwambia mama yake, mzee wa Nabwire hali, mimi nitakaaje mezani nikijaza tumbo mbele yake?"

Mimi ni mtu wa biashara. Nimeajiri vijana wengi, nimefukuza wengi, na namtambua mtu kwa mambo madogo. Kijana ambaye hajui mila yetu hata moja, amekaa na njaa yangu bila kujua ni ya nini, na anaendesha basi la watu.

"Nabwire," nikasema, "waambie upande wangu ni ndiyo. Upande wa mama yako na mjomba wako, waje nyumbani kwetu Dabani."

Nabwire hakutafsiri. Alinishika shingo kwanza, mkate wangu ukaanguka.

Kiyeyi tena

Siku zilizobaki nilikula bustanini kila mchana. Lucia alibeba sufuria juu ya kilima kile kama anapeleka chakula shambani, na watu wakatuzoea. Kurudi hakukuwa na jambo, ila Ouma alinikuta Entebbe akasema nimenenepa.

Owori alikuwa ananingoja. Mke wangu alikuwa ametangulia pale Kiyeyi, yuko jikoni kwa wifi yake.

"Ulikula?" Owori akauliza kabla sijakaa.

"Nilikula."

"Wapi?"

"Mahali pasipo pa mtu."

"Nani alipika?"

"Mama wa kijana."

"Basi umekula kwao!" Akapiga paja. "Mnamsikia huyu? Mwanamke amepika jikoni kwake, amebeba, umekula, halafu unaniletea habari ya bustani! Ati kwa sababu hapakuwa na paa! Na anayekula chini ya tenti yako je, hajala kwa mwenye harusi?"

"Owori, ningekufa."

"Ungekufa vizuri! Tungekuzika kwa heshima, viti vya bure!"

Tulibishana hivyo mpaka majirani wakaja kusikiliza. Yeye anasema mwiko umevunjika, ndoa isimame kwanza, wazee wakae. Mimi nasema haukuvunjika. Na Nabwire alikuwa amekaa na simu huko Roma anangoja, na Owori akikaza kichwa hana mwisho.

Mke wangu akatoka jikoni, mikono ina unga wa mtama. Mwiko wenyewe ulikuwa wake, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Baba Nabwire, huyo mama alikubebea chakula mlimani kila siku?"

"Kila siku."

"Wewe uliyemtukana siku tano?"

"Ndiyo."

Akajipangusa mikono polepole kwenye gauni. "Basi mwache aje haraka. Mimi nataka kumwona." Akamtazama kaka yake. "Na wewe Owori, utamkalia kimya."

Owori akainuka kwenda kugeuza mihogo yake.

Wanakuja baada ya mavuno ya mtama, wote watatu pamoja na Nabwire. Wiki hiyo tenti zangu zote ziko Dabani, na viti vyote, mpaka vile vya zamani vilivyoshonwa kwa waya. Mwenye harusi atafute pengine. Mwenye msiba nitamhurumia, lakini na yeye atafute pengine.